Kisanduku Chenye Ngao Juu ya Televisheni ya Yaya Bernadette

Sikiliza kwanza, wewe unayekalia sasa kiti changu pale karakana ya kompyuta. Weka bisibisi mezani, usichomeke kitu chochote, unisikie. Siku uliponiaga uliniuliza swali ambalo watu wameniuliza maisha yangu yote ya kazi: je, kompyuta ya nyumbani inahitaji antivirusi ya kulipia? Nilikujibu kwa neno moja, kwamba haihitaji, na nikaona uso wako haukushiba. Una haki. Jibu fupi halimshibishi mtu. Ninalijua jambo hilo kuliko wengi, kwa sababu kuna mtu mmoja aliyenishinda miaka mingi kwa kutoa jibu refu. Anaitwa Crispin. Siwezi kukueleza virusi bila kumtaja Crispin, na siwezi kumtaja Crispin bila wivu. Mimi nimestaafu, wivu wangu bado uko kazini.

Tuliajiriwa wiki moja, yeye na mimi, katika kampuni ya kupitisha mizigo. Ofisi kubwa ilikuwa hapa Lubumbashi, na ofisi ndogo Sakania, mpakani, kwa ajili ya mabehewa yanayokwenda na kutoka Zambia. Mkubwa wetu alikuwa Papa Ilunga. Baba yake alikuwa fundi wa vichwa vya treni, na yeye aliishika kompyuta kama mtu aliyelelewa karibu na mashine nzito: hakuigusa kabla ya kuizunguka na kuisikiliza.

Siku ya kwanza Papa Ilunga alifungua droo yake. Crispin akapewa seti ya bisibisi mpya zenye sumaku, kila moja imelala katika kitanda chake cha plastiki. Mimi nikapewa brashi. Ilikuwa brashi ya kupakia rangi, kuukuu, mpini umepasuka na kufungwa kwa waya wa shaba. Aliniambia kwamba mimi nitaanza na vumbi. Crispin alinitazama, akatazama brashi, akageuza uso. Nilifikiri anazuia kicheko.

Unajua vumbi letu la kiangazi, lile jekundu linaloingia hata ndani ya mkate. Wiki zile za mwanzo Crispin alifungua mashine na kuzifunga huku wasichana wa ofisi ya fedha wakimtazama. Mimi nilikuwa uani, nimepiga magoti, natoa vumbi kwenye feni. Lakini nilijifunza jambo ambalo bisibisi hazikumfundisha yeye. Mashine nyingi zilizoletwa kwetu na kilio cha "virusi" hazikuwa na kirusi hata kimoja. Zilikuwa zimekabwa na vumbi, zinapata joto, zinakwenda polepole na kujizima. Ukipiga brashi, zinapona. Kwa hiyo la kwanza ndilo hili: kabla ya kuita ugonjwa, futa vumbi. Mtu akikuambia kompyuta yake imekuwa nzito na anataka kununua antivirusi, weka kwanza mkono wako nyuma ya mashine usikie joto.

La pili Papa Ilunga alitufundisha sote wawili, ingawa alikuwa akimtazama Crispin alipolisema. Ukiletewa mashine mgonjwa, usiulize inaumwa nini. Uliza nani ameingia. Virusi havizaliwi ndani ya kompyuta kama funza katika nyama. Vinaletwa. Siku zile vililetwa karibu vyote na flash, na flash zetu zilitembea kuliko sisi wenyewe: kutoka cyber hadi ofisini, kutoka ofisini hadi kwa mpiga picha, kutoka kwa mpiga picha hadi kwaya ya parokia.

Nikuambie kuhusu Sakania, maana pale ndipo wivu wangu ulipoota mizizi. Siku moja ofisi ya mpakani ilipiga simu: mafaili yote ya mizigo yamekufa. Nilitumwa mimi. Nilipofika nilikuta kila folda katika flash zao imegeuka kuwa njia ya mkato, yaani kile kialama chenye mshale mdogo. Ukibofya, hufiki popote, na virusi vinaamka upya. Walikuwa wamekwisha kuanza kuandika upya hati za wiki nzima kwa mkono.

Niliwaeleza polepole, kwa sababu mtu akielewa anaacha kutetemeka. Mafaili yenu hayakufa, niliwaambia. Kirusi hiki ni kivivu, hakiharibu. Kinaficha vitu vyenu na kuweka sanamu mahali pake. Nikaandika amri moja fupi ya kuondoa maficho, ile ile iliyo kwenye karatasi niliyokubandikia ndani ya mlango wa kabati, na folda zikarudi moja baada ya nyingine. Mkuu wa ofisi ile, mama mnene mpole, alishika kifua akamshukuru Mungu. Kisha akaniuliza: "Na Crispin, hakukuya?"

Wiki iliyofuata Crispin alikwenda kule kubadilisha printa. Akakaa nao kivulini, akawasimulia habari za nyoka anayejificha ndani ya flash na kuacha ngozi yake juu, wakacheka, wakaogopa, wakaelewa. Alirudi Lubumbashi na kuku mzima amefungwa miguu. Kuku wa kazi yangu. Alinigawia paja, na nilikula, na lilikuwa na chumvi ya kutosha, lakini sijasahau.

Baada ya miaka mingi Crispin aliacha kampuni. Alifungua meza yake mjini, na juu ya meza akapanga visanduku vya antivirusi, vimechorwa ngao kubwa inayong'aa. Na wateja, hata wale niliowahudumia mimi kwa subira yangu yote, wakaanza kupita mlango wetu wakienda kwake.

Hapa acha wivu usimame kando kidogo, nikueleze jambo lenyewe, maana utaulizwa kila siku.

Antivirusi ni mlinzi wa lango. Ana orodha ya sura za wezi wanaojulikana, na ana pua ya kunusa mtu anayetembea kama mwizi hata kama sura yake ni ngeni. Zamani mashine zilikuja bila mlinzi, na kulipa kulikuwa na maana. Siku hizi mfumo wa kompyuta, kama si wa zamani mno, unakuja na mlinzi wake ndani, bila malipo, na ni mlinzi mzuri. Ukimlipa mwingine, naye ni mzuri, pengine ana pua kali kidogo zaidi, na anakuja na mizigo yake: sanduku la kutunzia manenosiri, kizuizi kwa ajili ya watoto, leseni moja kwa mashine kadhaa, na namba ya kupiga ukikwama. Mwenye nyumba yenye kompyuta nyingi na watoto wanaobofya kila kitu anaweza kulipa, na sitamcheka. Mwenye mashine moja ya sebuleni hana haja.

Lakini walinzi wote wawili, wa bure na wa kulipwa, wanakula. Chakula chao ni sasisho, ile orodha mpya ya wezi inayoshuka kwa mtandao. Na hapa kwetu mtandao ni mega, na mega zinanunuliwa kidogo kidogo kama mafuta ya kupikia. Kitu cha kwanza mtu anachofanya akitaka mega zake zidumu ni kuzuia sasisho. Nimeona nyumba nyingi zenye antivirusi ya gharama iliyolala njaa tangu siku iliyowekwa. Umemwajiri mlinzi, ukamvalisha koti, ukamfungia nje bila bukari, ugali wetu. Basi ukiingia nyumba ya mtu, usiulize ana antivirusi gani. Uliza imekula lini.

Sasa turudi kwenye wivu.

Nina dada mkubwa, Bernadette, ninayemwita Yaya kama tunavyowaita wakubwa wetu, anakaa mtaa wa Makomeno. Mume wake alipofariki, alianza kazi ya kuchapa kazi za wanafunzi. Unaijua kazi hii: mwanafunzi wa chuo anaandika kazi yake ya mwisho kwa mkono, anamletea mchapaji, mchapaji anaiingiza kwenye kompyuta, mwalimu anatia masahihisho kwa kalamu nyekundu, karatasi zinarudi kwa mchapaji, miezi mizima. Yaya ana vidole vyepesi na jicho la mwalimu wa dini, maana ndivyo alivyokuwa zamani. Haandiki kosa lako bila kukuuliza kama ulilikusudia. Wanafunzi walimpenda, na kompyuta yake ya sebuleni ilibeba kazi za watoto wa watu wengi.

Mimi ni mdogo wake, na ni fundi. Ungefikiri nani anaangalia kompyuta ile?

Nilimpigia simu nikamwambia mambo matatu: asizuie sasisho, atumie mlinzi aliyekuja na mashine, na aweke kopi ya kazi zake kwenye flash. Yalikuwa maneno sahihi. Niliporudi kumtembelea, nilikuta juu ya televisheni, juu ya kitambaa alichokifuma mwenyewe, kando ya picha ya harusi yake, kisanduku chenye ngao. Kitupu. Amekisimamisha kama sanamu ya mtakatifu. Na kwenye geti amebandika karatasi: HAPA MACHINE IKO NA ANTIVIRUS YA KULIPA. LETA FLASH YAKO BILA WOGA.

Nilimuuliza kwa nini alipe wakati nilimwambia cha bure kinatosha.

"Théo, weye kila kintu unasemaka iko bule," akasema. "Kintu ya bule iko na nguvu gani?"

"Inafanya kazi ile ile, yaya."

"Pengine. Lakini Crispin alikaa, akakunywa chai, akanielezea. Weye uliniongelesha ku telefone, tena ulikuwa umesimama."

Sijui alijuaje kwamba nilikuwa nimesimama. Ni kweli, nilikuwa nasubiri basi. Akaendelea kunisifia jinsi Crispin anavyokuja mara kwa mara kuangalia ile ngao kama inakaa vizuri, jinsi anavyomwita Yaya Berna, jinsi anavyopenda chai yenye tangawizi. Mimi pia napenda tangawizi. Nilikaa pale dada yangu mwenyewe akinisimulia habari za mdogo wake mwingine, nikatazama kile kisanduku, na kisanduku kikanitazama.

Asubuhi ya Jumamosi moja simu yangu ililia. Alikuwa Yaya.

"Théo, Crispin hapatikane. Eko njia ya kutoka Sakania. Njo nikasema nikuite weye."

Wa pili. Dada yangu aliniita wa pili. Nilichukua mfuko wangu nikaenda.

Nilimkuta amekaa mbele ya kompyuta, mikono mapajani. Kwenye kochi alikuwa ameketi msichana wa kutoka Katuba, Nadège, na bahasha ya karatasi kifuani. Kazi yake ilipaswa kufika chuoni Jumatatu; asiyeipeleka angesubiri kikao kingine cha mitihani, na mama yake, muuza mboga, alikuwa amekwisha kuwaambia ndugu wote kwamba mwaka huu mtoto anamaliza. Kwenye skrini kulikuwa na maandishi mekundu: mafaili yenu yamefungwa, lipeni. Kila hati ilikuwa imeongezewa mkia wa herufi nisizozijua. Kazi ya Nadège, kazi za wengine wote.

Kirusi hiki hakikuwa kivivu kama kile cha Sakania. Hiki kinachukua kila faili na kuligeuza fumbo ambalo ufunguo wake uko kwa mwizi. Nilichomoa modemu, nikazima mashine. Kisha nikamuuliza Yaya swali la Papa Ilunga: nani ameingia?

Mwanafunzi mmoja, akasema, alileta flash juzi. Faili lake lilikuwa na sura ya kazi ya chuo, travail kama Yaya anavyoiita. Ile antivirusi ikaanza kupiga kelele.

"Ilikuwa inalia, inaonyesha nyekundu, inasema ile travail ni mubaya. Travail ya mutoto wa bantu, mubaya namna gani? Nikaifunga mudomo, nikafungula."

Basi kumbuka jambo hili vizuri, kwa sababu ningetamani sana kukuambia kwamba kisanduku cha Crispin kilishindwa. Hakikushindwa. Mlinzi alimwona mwizi, akapaza sauti, na mwenye nyumba akamwambia mlinzi anyamaze kwa sababu mgeni ni mteja. Hata yule wa bure angepaza sauti ile ile, na Yaya angemnyamazisha vilevile. Pengine mapema zaidi, kwa kuwa ni wa bure. Lakini ile karatasi ya getini, ile ya kuleta flash bila woga, ndiyo iliyofanya watu wamletee kila uchafu, naye aupokee kwa moyo mweupe. Ngao ilimwondolea woga kabla haijamwondolea hatari.

Niliuliza kuhusu kopi kwenye flash, ile niliyomwagiza kwa simu. Ilikuwepo. Ilikuwa imechomekwa nyuma ya mashine tangu siku aliyoinunua, haijachomolewa hata mara moja, ili isipotee. Kila kilichokuwa ndani yake kilikuwa kimefungwa pia. Mwizi akiingia chumbani anachukua pia kilicho chini ya godoro.

Nadège alizungumza kwa mara ya kwanza. "Papa, tukibalipa, batatupatia?"

"Hapana, mwana. Muntu mwenye alikuibia, utamushitaki wapi kama anakuongopea tena?"

Alitikisa kichwa, akafungua bahasha, akaanza kupanga karatasi zake kwenye meza ndogo. Zilikuwa sura moja tu, ya tatu, yenye masahihisho ya mwisho ya mwalimu. Nyingine alikuwa amezitupa kadiri zilivyokuwa zikichapwa vizuri. Yaya alimtazama akipanga, kisha akajifunika uso kwa kitenge chake. Sikuwahi kumwona akijifunika hivyo, hata kwenye msiba wa mume wake.

Nilijua kueleza kila kitu kilichotokea. Sikuwa na kitu hata kimoja cha kumpa.

Ndipo Crispin akaingia, vumbi la njia ya Sakania hadi kwenye nyusi. Alikuwa amekuta simu nyingi za Yaya, akaja moja kwa moja. Hakuitazama kompyuta. Alimsalimia dada yangu kwa mikono miwili, akaniitikia kwa kichwa, akauliza:

"Yaya Berna, ile kopo ya maziwa iko?"

"Iko mu armoire. Sikuigusa, sawa vile ulisema."

"Kopo gani?" nikauliza.

Yaya akaenda kwenye kabati la chumbani, akarudi na kopo la maziwa ya unga. Ndani yake, katika kipande cha kitenge, kulikuwa na diski ya nje. Kila alipokuja kuangalia ngao kama inakaa vizuri, Crispin alinakili kazi zote za Yaya kwenye diski ile, akaichomoa, akaifunga, akairudisha kwenye kopo. Alimwambia Yaya kwamba hiyo ni sehemu ya dawa, isiguswe. Kwa hiyo Yaya hakuigusa, wala hakufikiria kuitaja, kama vile mtu asivyomtajia fundi bomba kuhusu maji ya baraka.

Nilimvuta Crispin kando nikamuuliza kwa nini hakumwambia tu kwamba ni kopi.

"Kama ningemuambia ni kopi, angeichomeka na kuiacha mulemule, sawa ile flash yako."

Hilo la "flash yako" lilinichoma. Yeye akaendelea.

"Théo, bantu habalipe juu ya kopi. Mi nilijaribu. Unamuambia muntu, nitakuwa nakuya kukuwekea kopi, anaona unamuchukua mujinga. Unamuonyesha boîte yenye ngao, analipa, tena anakupatia kiti."

"Na ngao yenyewe?"

"Inapita ile ya bule kiloko tu, weye unajua. Lakini njo inaniingiza mu nyumba."

Miaka yote nilikuwa nikimwona akiuza kitu kisichohitajika, nikisema ukweli mlangoni, huku watu wakimkaribisha yeye ndani. Sikuwa nimewaza alikuwa akifanya nini akiisha kukaribishwa. Wivu niliokuwa nao juu ya kuku ulikuwa wivu mdogo. Huu sasa ulikuwa na mifupa.

Kisha akachukua diski, akainama kuichomeka kwenye kompyuta ya Yaya.

"Ngoja," nikasema, na nikamshika mkono.

Akaitazama mashine, akaelewa, akanikabidhi diski. Mwizi alikuwa bado ndani. Angechomeka diski ile pale, na kopi ya mwisho ingefungwa kama nyingine. Crispin ni mwepesi, na wepesi wake ndio watu wanaoupenda. Lakini kuna milango isiyotaka mwepesi.

Nikafanya kazi yangu. Katika mfuko nilikuwa na flash ya kusimika mfumo, ile yenye swichi ndogo ubavuni inayozuia chochote kuandikwa juu yake. Sasa iko kwenye droo yako, usimwazime mtu. Nikaifuta mashine yote, nikasimika upya. Nikamwamsha mlinzi wa bure, nikamlisha sasisho kwa mega za simu ya Crispin, nami niliona utamu fulani katika jambo hilo. Ndipo nikaichomeka diski, mlinzi akaikagua, ikawa safi.

Wakati mashine inajisimika, na hakuna la kufanya ila kusubiri, Crispin aliona brashi yangu ikichungulia kutoka mfukoni. Ni ile ile, nimeibadilisha waya mara nyingi. Akaichukua, akaigeuza-geuza.

"Papa Ilunga alikupatia brosi yake," akasema. "Ya mukono wake mwenyewe. Miye alinipatia ma-tournevis, bisibisi ya kununua tu mu duka. Nilikukasirikia mwaka muzima."

Nikamwambia ya kwamba nilifikiri alinicheka.

"Kucheka? Nilitaka kulia," akasema, akairudisha.

Kazi ya Nadège ilikuwepo, isipokuwa masahihisho ya sura ya tatu, yaliyofanywa baada ya ujio wa mwisho wa Crispin. Na sura ya tatu ilikuwa ndiyo ile iliyolala kwenye meza ndogo. Mimi nikasoma karatasi kwa sauti, Yaya akachapa, Nadège akasimama nyuma yake akifuata kwa kidole. Nilisoma polepole, nikieleza wino mwekundu wa mwalimu unataka nini, maana hiyo ndiyo kazi ninayoijua. Katikati ya ukurasa mmoja Yaya alisimamisha vidole, akamuuliza Nadège kama kosa fulani alilikusudia. Nikajua dada yangu amepona.

Chakula kilipoiva, bukari na sombe ya majani ya muhogo, sahani ya kwanza Yaya alimpa Crispin, kwa kuwa ametoka safari. Ya pili akanipa mimi. Jumatatu Nadège alipeleka kazi yake chuoni.

Karatasi ya getini Yaya aliibandua, akaandika nyingine: flash zote zitakaguliwa kwanza, na ikilia nyekundu, irudi kwa mwenyewe. Leseni ilipokwisha muda nilitegemea angeiacha. Aliilipia tena. Alisema kama halipi, Crispin atakuja kwa sababu gani? Kisanduku bado kiko juu ya televisheni. Kinapanguswa vumbi kuliko picha ya harusi.

Kwa hiyo hili ndilo jibu refu. Antivirusi ya kulipia si uongo, na kwa kompyuta moja ya nyumbani si lazima. Mlinzi wa bure anayekula kila siku anamshinda wa kulipwa mwenye njaa, na hakuna yeyote kati yao anayemsaidia mtu aliyekwisha kumnyamazisha. Ukweli wa mambo haya nilikuwa nao kabla ya Crispin, na nilikuwa nao wote. Yeye alikuwa na kiti, kikombe cha chai, na diski ndani ya kopo. Kama ningeweza kuiba kitu kwake nisikamatwe, nisingeiba visanduku. Ningeiba kile kiti.

Wewe bado kijana; huna haja ya kuiba. Mteja akikuuliza kama anunue antivirusi, usimjibu kwa simu. Nenda kwake. Kaa. Mwambie pesa hiyo anunulie diski ya nje, uinakili kazi yake mbele ya macho yake, kisha uichomoe diski, umwekee mkononi, na usitoke katika nyumba ile mpaka uone imefungiwa kabatini.